Walowezi wa Kwanza, Viongozi na Wenye Ardhi wa Springfield, Massachusetts: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mji wa Springfield tangu mwaka 1636 hadi 1703, yaani tangu William Pynchon, mwanzilishi wake, alipofika hadi mwanawe John alipofariki. Ukisoma kumbukumbu za mji huo utachoka kukutana na majina yaleyale: Pynchon, Smith, Holyoke, Chapin, Cooper. Ushauri wangu ni mmoja. Kabla hujauliza fulani alikuwa na cheo gani, uliza alikuwa anadaiwa nini na Pynchon. Mengine yote yanafuata hapo.

Springfield ipi hiyo? Si zipo nyingi?

Zipo nyingi mno Marekani. Hii ni ile ya magharibi mwa Massachusetts, kando ya Mto Connecticut. Mwanzoni waliiita Agawam, kwa jina la wenyeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1640 ikapewa jina la kijiji alikotoka Pynchon huko Essex, Uingereza. Siku hizi bonde hilo lina familia za Wakongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na pengine ndiyo sababu maswali kuhusu mji huu yanaulizwa kwa lugha yetu.

William Pynchon alikuwa nani, na kwa nini alichagua mahali pale?

Alikuwa mtu wa mali na elimu aliyevuka bahari mwaka 1630 pamoja na kundi la gavana John Winthrop. Alishiriki kuanzisha Roxbury, karibu na Boston, na akawa mweka hazina wa koloni la Massachusetts. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye biashara ya ngozi za biva, yule mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia za matajiri wa Ulaya. Karibu na pwani biva walikuwa wameanza kuadimika. Bara, kwenye mito mikubwa, walikuwa bado tele.

Tazama ramani. Springfield iko juu ya maporomoko ya Enfield, mahali ambapo merikebu za baharini haziwezi kupita. Miji ya chini, yaani Hartford, Windsor na Wethersfield, ilipata vyombo kutoka baharini moja kwa moja. Pynchon akaamua kukaa juu ya maporomoko ili ngozi zinazoshuka na mto zimfikie yeye kwanza. Mizigo aliipitisha kwenye ghala chini ya maporomoko, na mahali hapo panaitwa Warehouse Point hadi leo. Kwa hiyo mji huu ulianza kama kituo cha biashara cha mtu mmoja, na kanisa na mashamba vikafuata. Wengi wanaosoma habari za Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali walioanzisha koloni hilo, hudhani kila mji wao ulianza na waumini waliotafuta pa kusali. Huu sivyo.

Waanzilishi walikuwa wangapi?

Makubaliano ya Mei 1636 yalitiwa saini na wanaume 8: William Pynchon, Matthew Mitchell, Henry Smith, Jehu Burr, William Blake, Edmund Wood, Thomas Ufford na John Cable. Walipanga mji wa familia 40, zisizozidi 50, matajiri kwa maskini. Walipanga pia kumtafuta mchungaji mapema iwezekanavyo. Akapatikana George Moxon.

Wengi wa hao 8 hawakudumu. Baada ya miaka michache walikuwa wamehamia miji mingine, na Burr pia hakukaa hadi mwisho. Aliyebaki na Pynchon kwa muda mrefu ni Henry Smith, naye hakuwa mtu baki: mama yake aliolewa na Pynchon, kisha yeye mwenyewe akamwoa Ann, binti wa Pynchon. Mtoto wa kambo na mkwe kwa wakati mmoja!

Wenyeji waliuza ardhi yao kweli?

Hati ipo, ya tarehe 15 Julai 1636, na inafaa kusomwa polepole kuliko wengi wanavyoisoma. Kwa ardhi ya pande zote mbili za mto, Pynchon na wenzake walitoa pima 18 za wampumu, yaani shanga za makombe, pamoja na makoti 18, majembe 18, mashoka 18 na visu 18. Mtu mmoja, Wrutherna, alipewa makoti mawili ya ziada kwa kipande chake.

Sasa angalia kilichobaki mikononi mwa wenyeji. Walibaki na mashamba waliyokuwa wameyalima tayari. Walibaki na ruhusa ya kuvua samaki, kuwinda paa, kuchimba viazi pori, kuokota jozi na matunda ya mialoni. Ng'ombe wa Waingereza wakiharibu mahindi, mwenye ng'ombe alipe thamani yake. Nguruwe wasivuke kwenda upande wa Agawam, yaani magharibi mwa mto, ila msimu wa matunda ya mialoni. Kwa macho ya aliyeweka alama kwenye karatasi ile, huku ni kukaribisha majirani na kugawana matumizi ya ardhi. Kwa macho ya mahakama za Kiingereza ilikuwa mauzo ya kudumu. Tofauti hiyo haikuandikwa popote kwenye hati, na miaka 39 baadaye ililipuka.

Nguruwe, kwa kweli, ndio walioamua mahali mji utakapokaa. Nyumba ya kwanza ilijengwa upande wa magharibi mwaka 1635, lakini huko kulikuwa na mashamba ya Waagawam, na mifugo ingeleta kesi kila siku. Walowezi wakahamia ukingo wa mashariki.

Jambo jingine: Cuttonus, mmoja wa watoa ardhi, alitia alama kwa niaba ya mama yake, Kewenusk, na ya mwanamke mwingine, Niarum. Wenye haki juu ya sehemu ya ardhi ile walikuwa wanawake, na Waingereza wenyewe wakaandika hivyo, ingawa sheria yao haikumruhusu mke kumiliki shamba kwa jina lake.

Ardhi iligawiwaje kwa walowezi?

Si sawa kwa sawa, na hawakuficha. Makubaliano ya 1636 yalisema kila mtu apewe kiwanja kulingana na hadhi na mali yake. Hapohapo yakasema kodi za mji zitozwe juu ya ardhi, ekari kwa ekari, kwa hiyo mwenye nyingi alipe nyingi.

Mji ulipangwa kwenye barabara moja, ambayo leo ni Main Street, sambamba na mto. Familia ilipata kiwanja chembamba kutoka barabarani hadi mtoni, kisha kipande cha kinamasi ng'ambo ya barabara kwa ajili ya majani ya mifugo, kisha sehemu ya msitu wa kuni nyuma ya kinamasi. Shamba la kulima mara nyingi lilikuwa ng'ambo ya mto. Mtu akitajwa kwenye kumbukumbu kuwa na vipande vinne au vitano, usimdhanie tajiri. Huo ulikuwa mgao wa kawaida tu. Cha kuangalia ni upana wa kiwanja na ekari za majani, maana bila majani huwezi kuvusha ng'ombe kipindi cha theluji.

Kiwanja cha Pynchon kilikuwa kipana kuliko vyote.

Kwa nini mji uko Massachusetts ilhali umeshikamana na Connecticut?

Kwa sababu ya ugomvi wa nafaka. Mwanzoni Springfield ilikuwa pamoja na miji ya chini ya mto. Baada ya vita kati ya Waingereza na Wapequot, kabila la wenyeji, mwaka 1637 chakula kilipungua, na Connecticut ikampa Pynchon kazi ya kununua mahindi kwa wenyeji, na biashara ya biva ikawa mikononi mwake. Bei aliyopewa wenyeji hawakuitaka, naye hakutaka kuwalazimisha. Hartford wakamtuhumu kwamba anachelewesha makusudi ili afaidike, wakamtoza faini, faini yenyewe ikiwa ni mahindi. Kapteni John Mason, kamanda wa Connecticut katika vita vile, alikuwa upande wa kutumia vitisho. Pynchon akaona yametosha, akarudisha mji wake chini ya Boston, makao ya serikali ya Massachusetts.

Je, alikuwa na huruma kwa wenyeji, au alilinda wateja wake? Nadhani yote mawili. Mfanyabiashara anayetegemea ngozi za wawindaji hawezi kuwachomea vijiji. Lakini mwaka 1648 alimwandikia Winthrop kwamba wenyeji ambao hawajajiweka chini ya serikali ya koloni ni watu huru wanaojitegemea, na hivyo Boston haina mamlaka ya kuwahukumu kwa makosa baina yao. Kwa Mwingereza wa wakati ule, maneno hayo yalikuwa mazito.

Vyeo vya mji vilikuwa vipi?

Juu kabisa alikuwapo hakimu, na hakimu alikuwa Pynchon, aliyewekwa rasmi mapema mwaka 1639. Watu walikuwa wachache kiasi kwamba baraza la mahakama, yaani wakazi walioketi kuamua kesi, lilipunguzwa hadi wajumbe 6 badala ya 12. Mojawapo ya kesi za mapema zilizoandikwa ni ya mchungaji Moxon kumshtaki John Woodcock kwa kumkashifu.

Mwaka 1644 mkutano wa mji uliwachagua watu 5 wa kuendesha mambo ya kila siku: Henry Smith, Thomas Cooper, Samuel Chapin, Richard Sikes na Henry Burt. Wazee hawa wa mji waliamua habari za barabara, mipaka, kodi na nani aruhusiwe kuhamia. Chini yao kulikuwa na konstebo, karani, wapimaji wa ardhi, wakaguzi wa nyua na wasimamizi wa nguruwe. Ukaguzi wa nyua unaonekana cheo cha mzaha, lakini uliza mkulima yeyote: ng'ombe mmoja akipenya, mavuno ya mwaka yamekwisha. Ukonstebo watu waliukimbia kwa sababu ulikuwa kukusanya kodi na kukamata jirani, na katika koloni lote anayeukataa alitozwa faini.

Nani alikuwa na kura?

Kwa uchaguzi wa koloni, tangu 1631 ilibidi uwe mwanamume uliyepokelewa kanisani. Mwaka 1647 sheria iliwafungulia wasio waumini kamili mlango wa kushiriki mambo ya mji. Wanawake, vibarua waliofungwa kwa mikataba, watumwa na wenyeji hawakuwamo.

Nyumba ya ibada ilijengwa kwa fedha za nani?

Swali zuri, maana linaonyesha mji ulivyokosa fedha taslimu. Februari 1645 mji uliingia mkataba na Thomas Cooper ajenge nyumba ya futi 40 kwa 21, yenye minara miwili, mmoja wa kengele na mwingine wa mlinzi. Malipo yalikuwa pauni 80, lakini kwa ngano, nyama ya nguruwe, wampumu, madeni na kazi za mikono. Kila mkazi alidaiwa siku 28 za kazi. Wakati sarafu haipo, kila kitu huandikwa kwenye daftari, na mwenye duka ndiye mwenye daftari.

Kwa nini William Pynchon alirudi Uingereza?

Kwa sababu ya kitabu. Mwaka 1650 alichapisha London kitabu cha teolojia kilichokana fundisho kwamba Kristo alibeba ghadhabu na mateso ya jehanamu kwa niaba ya wanadamu. Yeye alisema wokovu uliletwa na utii wake. Wakuu wa Boston walikichoma hadharani na kumtaka ayakane maneno yake. Pynchon alilegeza kidogo, hakuachia. Mwaka 1651 akamkabidhi mwanawe John ardhi zake, na mwaka 1652 akapanda meli. Mchungaji Moxon na Henry Smith nao waliondoka. Alifariki Wraysbury mwaka 1662.

Angalia walioachiwa uhakimu: John Pynchon, aliyekuwa na miaka 26 hivi, shemeji yake Elizur Holyoke, na shemasi Samuel Chapin. Baba kaondoka, nyumba imebaki palepale.

John Pynchon alikuwa na nguvu kiasi gani?

Kwa miaka 50 alikuwa hakimu, kanali wa wanamgambo, mnunuzi mkuu wa ngozi, mwenye vinu vya nafaka na mbao, mwenye duka na mwenye ardhi nyingi kuliko yeyote bondeni. Mtu akihitaji ng'ombe wa kulimia, anakodi kwake. Akitaka ekari za majani, anapanga kwake. Akivunjika jembe, anakopa dukani kwake. Mavuno yakiharibika, deni linapanda, na hakimu wa kesi ya deni ni yeye au shemeji yake. Wanaume wengi wa mji walikuwa wapangaji wake au vibarua wake kwa kipindi fulani cha maisha yao, na baadhi walipoteza vipande vyao kwa madeni.

Daftari zake za hesabu zimehifadhiwa Springfield, na kwa maoni yangu zinaeleza mji huu kuliko mahubiri yote ya karne ile. Humo utamkuta Umpanchela, kiongozi wa Wanorwottuck, akichukua makoti na nguo kwa mkopo kati ya 1659 na 1660, akiweka ardhi rehani. Sisi husema dawa ya deni ni kulipa. Umpanchela alilipa kwa ardhi ambayo leo ni sehemu ya Hadley. Pynchon aliinunua kwanza, kisha akaipitisha kwa walowezi. Njia kama hiyo, ya yeye kutangulia kununua kwa wenyeji, ndiyo iliyozaa miji mingine ya bonde, kama Northampton mwaka 1654.

Haki yake ipewe: bila mikopo yake wengi wasingeweza kuanza maisha. Ila mtu mmoja akishika mkopo, kinu, soko na mahakama, uhuru wa mkutano wa mji unakuwa na mipaka ambayo haiandikwi.

Kulikuwa na Waafrika?

Ndiyo, tangu mapema. Sheria ya Massachusetts ya 1641 iliruhusu utumwa wa mateka wa vita na wa wageni waliouzwa. Peter Swinck, mtu wa asili ya Afrika, alimtumikia Pynchon, na baadaye alikuja kuwa na ardhi yake mwenyewe mjini. Mwingine ni Roco, mtumwa wa John Pynchon. Mwaka 1695 waliandikiana kwamba Roco atajikomboa pamoja na mkewe, Sue, kwa kutoa mapipa ya tapentaini na lami ya misonobari. Mtu aliyefanya kazi bila ujira miaka yote alitakiwa afanye nyingine zaidi ili awe huru, na mzigo huo nao uliingia kwenye biashara ya bwana wake. Kwenye orodha za waanzilishi zinazosambazwa na koo mbalimbali, Swinck na Roco hawatajwi.

Mary Parsons mchawi alikuwa bibi yetu?

Kwanza jua ni yupi. Wapo wawili, na wachoraji wa nasaba huwachanganya kila siku.

Mary Lewis Parsons wa Springfield alikuwa mke wa Hugh Parsons, fundi matofali. Hugh aligombana na watu wengi juu ya bei na ahadi, akiwemo mchungaji Moxon kwa ajili ya matofali ya bomba la moshi. Binti za Moxon walipoanza kupata vifafa, lawama zikamwangukia Hugh. Aliyetoa ushahidi dhidi yake ni pamoja na mkewe mwenyewe. Mwaka 1651, miaka 41 kabla ya kesi maarufu za uchawi za Salem, wote wawili walipelekwa Boston. Mary aliachiliwa kwa shtaka la uchawi, akahukumiwa kwa kumuua mtoto wake. Hugh alipatikana na hatia na baraza, lakini mahakama kuu haikuukubali uamuzi huo, akaachiliwa mwaka 1652. Springfield hakurudi.

Mary Bliss Parsons ni mwingine, mke wa Joseph Parsons, aliyeshuhudia hati ya 1636 kisha akahamia Northampton. Mwaka 1656 mumewe alimshtaki jirani yao, Sarah Bridgman, kwa kumwita Mary mchawi, na akashinda. Miaka ya 1670 Mary mwenyewe akashtakiwa, akaachiliwa. Alikuwa na watoto wengi, kwa hiyo ukiwa na Parsons wa bonde hilo kwenye ukoo wako, anza kwa huyu.

Ni nini kilitokea Oktoba 1675?

Vita vya Metacom, kiongozi wa wenyeji ambaye Waingereza walimwita Mfalme Philip, vilikuwa vimefika bondeni. Springfield walijiona salama kwa sababu ya urafiki wa muda mrefu na Waagawam. Usiku wa kuamkia tarehe 5, onyo likaja kupitia kwa Toto, mwenyeji wa Windsor, na watu wakakimbilia nyumba zilizoimarishwa. Asubuhi hakukuwa na dalili. Luteni Thomas Cooper, yuleyule aliyejenga nyumba ya ibada, akapanda farasi na konstebo Thomas Miller kwenda ngome ya Waagawam kuhakikisha, maana aliwajua. Wote wawili waliuawa kwa risasi. Kisha mji ukachomwa: zaidi ya nyumba 30, pamoja na vinu vya Pynchon. Nyumba yake ya matofali ilisimama, na ndimo watu walimojificha.

Waagawam waliobaki walitawanyika. Haki za kuvua na kuwinda zilizoandikwa 1636 hazikuwa tena na mtu wa kuzidai mahakamani.

Sanamu ya shemasi Chapin inafanana naye?

Hapana. Ilichongwa na Augustus Saint-Gaudens na kuzinduliwa mwaka 1887, na hakukuwa na picha yoyote ya Chapin ya kuigwa. Kofia ndefu na joho ni fikra za karne ya 19 kuhusu Wapuritani.

Kwa nini tarehe nyingine zina miaka miwili?

Hadi 1752 Waingereza walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Siku ya Januari, Februari au Machi kabla ya tarehe 25 huandikwa kwa miaka yote miwili ili kuepusha utata. John Pynchon alifariki tarehe 17 Januari 1702/3. Kwa hesabu yetu ni 1703. Ukinakili mwaka mmoja tu, utashangaa kukuta mtu kazikwa kabla ya kuandika wosia.

Nitajuaje kama mhenga wangu alikuwa mwenye ardhi au mpangaji?

Usianze na vitabu vya koo. Vingi viliandikwa kusifu. Anza na kumbukumbu za mkutano wa mji uone mgao wake, kisha hati za ardhi uone alichouza na kwa nani. Ukiona kipande kinaenda kwa John Pynchon, fungua daftari la hesabu la mwaka huo na miwili iliyotangulia. Mara nyingi utakuta deni. Kisha tazama mpangilio wa viti kanisani, maana kamati iliwakalisha watu kwa umri, mali na hadhi. Jina likishuka safu mbili ndani ya miaka kumi, kuna kilichotokea, na jibu huwa kwenye hati za mirathi au kwenye kesi ndogondogo za mahakama ya kaunti ya Hampshire, iliyoanzishwa mwaka 1662. Kabla ya hapo tafuta kwenye kitabu cha mahakama cha familia ya Pynchon.